Tchomia: karatasi hazikupotea, mlango ndio ulifungwa

Ndugu wasomaji, na ninyi mnaosomewa habari hizi na jirani mwenye simu, leo siwaletei habari za barabara ya Bunia wala bei ya samaki ufuoni. Nawaletea habari za sanduku dogo lililo juu ya meza chumbani kwangu hapa Tchomia, na za mama mmoja aliyekaa siku mbili mlangoni mwangu akingoja karatasi iliyokuwa ndani yake. Karatasi za wengi wenu zimo humo pia. Kwa hiyo mna haki ya kujua kilichotokea, pamoja na makosa yangu.

Kwanza nilieleze sanduku lenyewe kwa wasiolijua. Ni seva ndogo ya nyumbani, ukubwa wake kama makopo mawili ya maziwa ya unga yakisimamishwa pamoja. Ndani mna diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Limeungwa kwa kebo kwenye rauta, na rauta inatoa Wi-Fi ndani ya nyumba. Halihitaji intaneti. Mtu akiwa na kompyuta au simu iliyoingia kwenye Wi-Fi hiyo, na akiwa na jina na neno lake la siri, anaziona folda zilizo ndani ya sanduku kama vile ziko kwenye kifaa chake mwenyewe. Kuranti yake inatoka kwenye sola na betri, kama ya majirani.

Folda ni tatu. Ya kwanza inaitwa Sauti. Humo mna vipindi vya redio, na ujumbe wa watu wanaotafuta ndugu zao. Mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2018, pale makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walipovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda, wengi wao wakafikia makazi ya Kyangwali. Baba yuko huku, mtoto yuko ng'ambo, na hakuna namba ya simu. Sauti za watu wa namna hiyo tunazitunza, maana mara nyingine jibu huja baada ya miaka.

Folda ya pili inaitwa Karatasi. Hiyo ilianza kwa sababu ya maji. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kuingia nyumba za kando ya ufuo, watu walitoka wakiwa wamebeba sufuria na magodoro, na vitambulisho vikabaki kwenye matope. Vita vilikuwa vimeshafanya hivyo zamani. Mtu anayekimbia usiku hashiki buletini ya shule, anashika mtoto. Na hata karatasi iliyofika kambini salama, mvua ya turubai inaimaliza. Tukaanza kupiga picha: kadi za uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa, buletini, kadi za chanjo, hati za mashamba. Kila familia inapewa namba. Picha inaitwa kwa namba hiyo, si kwa jina, na daftari la majina liko nyumba nyingine.

Ya tatu inaitwa Familia. Ni orodha zinazosema nani ametoka kijiji gani, wako wangapi, wanalala wapi. Hiyo sitaielezea zaidi, na mtaona sababu.

Yule mama alifika Jumatatu asubuhi. Binti yake alimaliza mwaka wa nne wa sekondari huko kwao kabla ya kukimbia. Shule waliyopata hapa ilikubali kumpokea mwaka wa tano, lakini ilitaka buletini, na mwisho ulikuwa Ijumaa. Bila buletini angerudi mwaka wa nne. Shule ya kijijini kwao haipo tena, wala rejista zake. Buletini yenyewe iliozea ndani ya turubai msimu uliopita. Kilichobaki ni picha tuliyopiga sisi. Mama alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Namba 61.

Nikamwambia, "Mama, keti. Ni dakika mbili tu."

Nilifungua kompyuta yangu. Alama ya folda ya pamoja ilikuwa pale pale kila siku inapokuwa. Nikabonyeza. Kompyuta ikafikiri kwa muda mrefu, kisha ikaandika kwamba haiwezi kufika mahali hapo. Nikabonyeza tena, kana kwamba ingebadili mawazo. Mama alikuwa akinitazama usoni, si kwenye kompyuta.

Usiku ule kulikuwa na dhoruba kutoka ziwani, na siku mbili kabla yake jua halikutoka vizuri. Betri ilikuwa imeshuka na kila kitu kikazimika usiku. Asubuhi jua lilipopiga sola, vyote vikawaka tena vyenyewe. Hofu yangu ya kwanza ilikuwa diski. Nikaweka sikio. Zilikuwa zinazunguka, taa zote za kijani, hakuna taa nyekundu. Taa ya kebo nyuma ya rauta nayo ilikuwa ikipepesa. Basi sanduku liko hai na kebo ni nzima.

Hapo nikatumia amri inayoitwa ping. Ni kama kupiga hodi: unatuma salamu ndogo kwa namba ya kifaa, nacho kikiwa hai kinaitikia. Namba ya sanduku letu tangu mwanzo ilikuwa 192.168.1.20. Nikapiga hodi, hodi ikaitikiwa. Nikajiambia kwamba sanduku linasikia ila halitaki kufungua, na nikapoteza saa nzima nikitafuta ubaya ndani ya sanduku.

Kumbe aliyeitikia hakuwa sanduku. Ilikuwa simu ya kijana wa jirani aliyeketi chini ya mwembe wangu.

Niwaeleze ilivyo. Rauta ndiyo inayogawa namba kwa kila kifaa kinachoingia. Fikirini yule mzee wa ufuoni anayepanga mitumbwi: anayefika kwanza anapewa nafasi, na ukitoka ukarudi kesho unaweza kukuta mwingine amefunga kamba pale ulipokuwa. Rauta yetu ni ya bei rahisi, ikizimika inasahau ilichogawa. Asubuhi ile iliwaka upesi, na simu za majirani, ambao wana neno la siri la Wi-Fi yangu, zikaingia mara moja. Sanduku linahitaji dakika kadhaa kuamka. Lilipoamka, namba 20 ilikuwa imeshachukuliwa, likapewa 34. Kompyuta yangu ikaendelea kubisha mlango wa 20.

Nililitambua hilo nilipofungua ukurasa wa rauta na kusoma orodha ya vifaa vilivyoungwa. Kila kifaa kina namba nyingine ya kudumu, iliyoandikwa nacho tangu kiwandani, na ya sanduku letu imebandikwa chini yake. Nikalinganisha: ni yenyewe, iko kwenye 34. Dawa yake ni ndogo. Ndani ya rauta kuna mahali pa kuandika kwamba kifaa chenye namba hii ya kiwandani kipewe nafasi ya 20 siku zote, asipewe mwingine. Ningefanya hivyo siku ya kwanza nilipolileta sanduku, tusingefika hapa.

Nikafanya, nikazima, nikawasha. Safari hii sanduku likaitikia lenyewe, na likauliza jina na neno la siri. Nikafurahi, nikamwambia mama kwamba tumefika. Nikaandika. Likakataa. Nikaandika tena polepole. Likakataa.

Hapa ndipo kosa la pili, na hili ni langu kabisa. Wiki mbili kabla, simu ya mmoja wa wenzetu ilipotea sokoni. Simu hiyo ilikuwa na neno la siri la sanduku. Wakati huo sote sita tulikuwa tukitumia jina moja na neno moja. Mwenzangu anayesimamia sanduku, kijana anayeniita yaya nami namwita mdogo wangu, alifanya jambo la akili: alilifuta jina lile la pamoja, akampa kila mtu jina lake na neno lake. Aliniletea langu kwenye karatasi. Nikamshukuru, nikaiweka karatasi ndani ya kitabu, na sikuwahi kulijaribu. Kompyuta yangu ilikuwa imeshaingia na haikuwa imetoka, kwa hiyo mlango ulibaki wazi kwangu. Dhoruba ilipozima kila kitu, mlango ukafungwa, nami nikarudi na ufunguo wa zamani.

Nilitafuta kile kitabu, nikapata karatasi, nikaandika jina jipya. Kompyuta ikakataa hilo nalo. Nilikuwa karibu kukasirika. Lakini fundi mmoja alinifundisha zamani: kabla ya kulaumu nyumba, jaribu kuingia kwa mguu mwingine. Nikachukua simu, nikafungua programu ya faili, nikaandika jina lile lile na neno lile lile. Simu ikaingia. Basi sanduku halina shida na neno ni sahihi. Ubaya uko kwenye kompyuta yangu.

Kompyuta zetu nyingi za Windows zina tabia hii: zikishahifadhi neno la siri la seva fulani, zinalituma lile lile kimya kimya bila kukuuliza. Tena hazikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Mpaka uende kwenye mahali pa kutunzia maneno ya siri ndani ya kompyuta, ulifute lile la zamani, ukate muungano uliobaki, uzime na kuwasha. Nilifanya hivyo. Saa nane mchana folda tatu zikaonekana kwenye kioo.

Nikafungua Sauti. Ikafunguka. Nikafungua Karatasi. Ikaandika: huna ruhusa.

Mama aliona uso wangu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Imepotea?"

"Haikupotea, mama. Iko humo. Mimi ndiye sina njia."

Niwaeleze na hilo. Kuingia ndani ya sanduku ni jambo moja, kufungua folda fulani ni jambo lingine. Nyumba ina mlango wa nje na milango ya vyumba. Kila folda ina orodha ya watu au vikundi vinavyoruhusiwa. Tena kuna kufuli mbili: moja ya folda inayoonekana kwenye mtandao, nyingine ya faili zenyewe ndani ya diski. Ukiwa na moja bila nyingine, hupiti. Mdogo wangu alipotengeneza majina mapya alituweka sote kwenye kikundi cha redio, kinachofungua Sauti. Kikundi cha Karatasi alikiandika baadaye, na jina langu likasahauliwa. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kuliongeza, naye ni yeye, kwa sababu neno la msimamizi alilijua peke yake.

Na yeye alikuwa amevuka ziwa Jumapili kwenda kuwaona wakwe zake Uganda. Simu yake haikupatikana.

Nikampigia fundi mmoja wa Bunia. Ni mtu mwema na anajua kazi. Nilimweleza yote. Akacheka, akasema, "Mukubwa, hiyo ni kazi ndogo. Nyuma ya sanduku kuna tundu dogo. Tumia sindano, bonyeza, hesabu. Neno la msimamizi litarudi lile la kiwandani. Ingia, weka folda zote kwa kila mtu, bila neno la siri. Hutasumbuka tena." Akaongeza kwamba kama kompyuta itakataa kuingia bila neno la siri, niwashe ile lugha ya zamani ya kugawana faili, SMB ya kwanza, nayo itakubali chochote.

Nilikaa nikitazama lile tundu. Sindano ilikuwa mkononi. Mama alikuwa mlangoni. Kweli ingekuwa dakika kumi.

Kuhusu hiyo lugha ya zamani, nilikuwa najua habari zake. Mwezi wa tano mwaka 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu la lugha hiyo hiyo, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi za dunia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Windows mpya haziji tena nayo ikiwa imewashwa, na nyingi hukataa pia kuingia kwenye seva kama mgeni asiye na neno la siri. Watu wengi huona hilo kama usumbufu. Lakini kuna aliyelipia somo hilo kabla yetu.

Hata hivyo si kirusi kilichonizuia. Kilichonizuia ni neno "kila mtu".

Kila mtu ni nani hapa kwangu? Ni yeyote aliye kwenye Wi-Fi yangu. Na neno la Wi-Fi yangu nimelitoa mwenyewe kwa nusu ya mtaa. Nimelitoa kwa mama anayetaka kutuma sauti kwa mwanawe Kyangwali, kwa vijana wa mwembeni, kwa wageni waliopita siku moja ambao hata sikuuliza majina. Sijutii. Lakini kuwafungulia hao wote folda ya Karatasi na folda ya Familia ni jambo lingine. Ninyi mnaoishi Ituri sihitaji kuwaeleza. Kwetu jina la mtu na kijiji chake cha asili vinatosha kusema yeye ni wa watu gani. Orodha inayosema nani analala wapi, ikiwa mikononi mwa shirika la kiutu inaleta unga. Ikiwa mikononi mwa mwingine inaleta mapanga. Watu walinipa majina yao kwa sababu niliwaambia kwamba hayatatoka. Sikuwaambia kwamba hayatatoka ila siku nitakapokuwa na haraka.

Na lile tundu lenyewe lina hatari yake. Kwenye masanduku mengi ukibonyeza kwa muda mfupi linarudisha neno la siri tu. Ukizidisha, au ukibonyeza mara ya pili, linaanza kusafisha mipangilio yote. Isitoshe, folda ya Karatasi imefungwa kwa ufunguo wa siri ndani ya diski, ili sanduku likiibwa picha zisisomeke. Sikuwa na uhakika ufunguo huo ungebaki baada ya sindano.

Nikaenda mlangoni, nikamweleza mama jinsi ilivyo, bila maneno ya kompyuta. Nilimwambia kwamba kuna njia ya haraka, lakini itaacha karatasi za familia zote wazi kwa yeyote anayepita, na inaweza kuharibu. Na kuna njia ya kungoja mwenye ufunguo apatikane. Ijumaa iko mbele yetu.

Akauliza, "Na za kwangu zingekuwa wazi?"

"Zote, mama."

Akanyamaza kidogo. "Mimi nimetoka kwetu kwa sababu watu walijua tunapolala. Tungoje."

Tukapatana: tungengoja mpaka Jumatano mchana. Kijana asipopatikana, ningekwenda Bunia na sanduku lenyewe kumtafuta fundi tukae naye uso kwa uso. Sikulala vizuri usiku ule. Jumanne mama alirudi mapema, akakaa pale pale, akichambua maharage. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumanne jioni, saa moja kwetu, saa mbili kwao Uganda, simu ikalia. Namba ya Uganda. Mdogo wangu alikuwa amenunua laini ya huko.

"Yaya, nimeona umenitafuta. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna buletini."

Nilipomweleza alikaa kimya, kisha akasema, "Yaya, nisamehe. Jina lako nililisahau." Nami nikamwambia anisamehe, kwa kuwa karatasi aliyonipa sikuijaribu wiki mbili nzima. Angalau siku ile ile tungelijua.

Hakutaka kuandika neno la msimamizi kwenye WhatsApp, nami sikutaka. Alinisomea herufi moja moja: M kubwa ya Mahagi, k ndogo ya Kasenyi, saba, a ya Aru. Tulipofika katikati laini ikakatika, akapiga tena, tukaanza upya. Nikaingia kama msimamizi. Nikaongeza jina langu kwenye kikundi cha Karatasi. Nikajaribu folda. Ikakataa bado, na moyo ukaniruka. Akacheka kule ng'ambo: "Toka kwanza, yaya, kisha uingie. Sanduku linakusoma vikundi vyako mlangoni tu." Nikatoka, nikaingia.

Namba 61 ilikuwa na picha tano. Buletini ilikuwa ya tatu. Pembeni kuna kidole gumba cha mama, amekishikilia karatasi isipeperuke na upepo. Alama zote zinasomeka, na muhuri wa shule ambayo haipo tena unasomeka. Niligeuza kompyuta kumwonyesha. Hakutazama alama. Alitazama kidole.

Usiku ule ule, kabla ya kulala, nililibadilisha neno la msimamizi, kwa kuwa nililisikia kwa simu na kuliandika kwenye karatasi. Jumatano tulitoa nakala mbili kwenye duka la mashini ya kuchapia. Mkuu wa shule aliisoma, akaandika jina la binti kwenye rejista ya mwaka wa tano.

Mdogo wangu aliporudi tulikaa jioni mbili tukapanga upya. Nawaambia tuliyoamua kwa sababu ni mali yenu inayolindwa, na kwa sababu najua mashule na parokia kadhaa sasa wana masanduku kama hili.

Sanduku lina namba moja isiyobadilika. Wi-Fi tumeigawa mbili: moja ya kazi, nyingine ya wageni, na ile ya wageni haioni sanduku hata kidogo. Vijana wa mwembeni wanaendelea kutuma ujumbe wao kama zamani, hawakupoteza kitu. Neno la msimamizi sasa linajulikana na watu wawili, na limeandikwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa mtu wa tatu asiyehusika na redio. Wawili hao hawatavuka ziwa siku moja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kila mwenye jina anaingia, anafungua picha moja katika kila folda anayoruhusiwa, na anaandika tarehe kwenye daftari.

Na diski mbili ndani ya sanduku moja tumeacha kuziita akiba. Nyumba ikiungua zinaungua pamoja, na tukikimbia zinabaki pamoja. Kwa hiyo kuna nakala nyingine, imefungwa kwa neno la siri, na haiko Tchomia. Mahali ilipo sitapaandika.

Kuna jambo moja hatukulimaliza. Kwa sababu Karatasi imefungwa kwa ufunguo, kila betri inapokwisha usiku folda hiyo inaamka ikiwa imejifunga, na lazima mmoja wetu aje kuandika neno lake. Mara nyingine mtu atafika asubuhi na kukuta bado. Tulijadili kama tuache ijifungue yenyewe. Tumeamua isijifungue. Ukifika ukaambiwa ungoje, usidhani tunakuzungusha.

Na kwa wenye masanduku yao: mlango ukikataa, msikimbilie sindano. Tazameni kuranti, kisha kebo, kisha namba, na mhakikishe anayeitikia hodi ndiye mnayemtafuta. Jaribuni kwa kifaa kingine. Futeni neno la siri la zamani. Mwisho ndipo mtazame ruhusa. Kwa mpangilio huo kazi yangu ya Jumatatu nzima ingekuwa ya nusu saa, ila tu pale palipohitaji mtu.

Familia zilizotupa karatasi, njooni na namba yenu, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Aliyepoteza namba aje mwenyewe, tutatazama daftari pamoja. Namba hizo hatuzisomi redioni na hatuziulizi kwa simu. Akikupigia mtu akisema ametoka kwetu na anataka namba yako, usimpe.

Alhamisi yule mama alirudi. Nilidhani kuna shida shuleni. Alikuwa na wanawake watatu wa upande wao wa kambi, kila mmoja na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Tulikaa nao nje kwenye mwanga mpaka saa kumi, wao wakishika pembe za karatasi na mimi nikipiga picha.